Tia Rangi Kwanza, Sokota Baadaye

Sufu tia rangi kabla ya kuisokota. Ukitia rangi uzi uliokwisha kusokotwa, kila doa litaonekana na kila mgeni atalisema. Ukiitia ikiwa bado vishungi vishungi, madoa hayana shida. Utaichambua, utaichanganya, na rangi itajisawazisha mikononi mwako. Hata ukipata rangi mbili usizozipenda, zichanganye: mara nyingi ya tatu hutoka nzuri.

Ukiwa Itaka, Vwawa au Tunduma, karibu kila unachohitaji kipo jikoni, sokoni au kando ya shamba la kahawa. Kinachokosekana ni kimoja tu: sufu yenyewe.

Usimwangalie kondoo wa jirani kwa tamaa. Kondoo tunaofuga Mbozi ni wa nyama. Wana nywele fupi ambazo hazisokoteki hata ukeshe. Sufu ya kusokota inatoka kwa merino, corriedale na ndugu zao, na hao wanafugwa kwa wingi Kenya, nyanda za juu za Nakuru na Nyandarua, hasa upande wa Molo na Njoro. Kazi ya sufu huko Kenya ni ya siku nyingi. Nanyuki Spinners and Weavers walianza mwaka 1977, na Kenana Knitters wa Njoro mwaka 1998. Kina mama wa vikundi hivyo husokota kwa mkono na kutumia rangi za mimea, na kazi zao zinauzwa mbali. Kwa hiyo inawezekana.

Tafuta ndugu au mfanyabiashara anayepita Namanga, umwagize kilo mbili za kuanzia. Mwambie achague sufu ya mgongoni na mbavuni. Ya tumboni na miguuni ina kinyesi na miiba, itakuchosha bure. Na kwa kuwa sufu mbichi ni zao la mifugo, uliza ofisi ya mifugo kuhusu kibali kabla mzigo haujafika mpakani, si baada ya kukamatwa.

Mzigo ukifika, tenga vyombo kabla ya kitu kingine chochote. Sufuria ya rangi isirudi jikoni tena. Ipake alama nyekundu kwenye mkono wake ili hata mgeni aelewe. Ya stenlesi ndiyo nzuri kuliko zote. Ya alumini inafaa, ila itaibadilisha rangi kidogo. Ya chuma iache, itatia giza kila kitu. Ongeza ndoo mbili, glavu, mwiko mrefu, mizani ndogo ya kidijitali na kipimajoto kama unacho. Tafuta pia mifuko ya wavu ya vitunguu. Usiitupe kamwe hiyo mifuko, utaona kazi yake.

Sufu ina maadui watatu: mabadiliko ya ghafla ya joto, kukorogwa na dawa kali. Ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitumbukiza kwenye ya baridi, itajikunja na kushikana. Ukiikoroga ikiwa ya moto, itashikana. Ikishashikana haiachii tena, umebaki na kipande cha zulia. Ukielewa hapo, yaliyobaki ni mepesi.

Osha kwanza. Sufu mbichi imejaa mafuta, jasho na vumbi, na rangi haipenyi kwenye mafuta. Iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, bila sabuni. Asubuhi mwaga maji hayo machafu kwenye migomba, ni mbolea.

Kisha weka sufu kwenye mfuko wa wavu, nusu mfuko tu, usishindilie. Pasha maji mpaka nyuzi 60 hivi, yaani mkono wenye glavu unavumilia kidogo halafu unataka kutoka. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukoroge maji, ndipo uzamishe mfuko. Uache dakika 20. Usiukande, usiusugue. Unyanyue kwa mikono miwili kama unavyomtoa mtoto mchanga kwenye beseni, uchuje, uhamishie kwenye maji mengine ya moto uleule. Rudia mpaka maji yasiwe ya maziwa tena. Usiyaache yapoe sufu ikiwa ndani, kwa sababu mafuta yaliyotoka yataganda na kurudi palepale.

Kausha kivulini, halafu pima. Usipige hesabu zako kwa uzito ulionunua. Sufu inaweza kupoteza theluthi mpaka nusu ya uzito wake katika kuoshwa, hasa ya merino. Kuanzia hapa, vipimo vyote ni vya sufu safi, kavu.

Sasa shabu. Ni yale mawe meupe yanayong'aa, vinyozi huyatumia baada ya kunyoa na wengine husafishia maji ya kisima. Ulizia kwa wauza dawa za asili na viungo, Tunduma hutakosa. Shabu ndiyo inayoishikiza rangi ya mimea kwenye sufu. Bila hiyo, rangi nyingi zitaondoka na maji ya kwanza.

Kwa gramu 100 za sufu, saga gramu 15 za shabu, kama vijiko vitatu vya chai. Iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto, umimine kwenye sufuria yenye lita nne za maji ya vuguvugu. Zamisha sufu iliyokwisha kulowa. Sufu kavu usiitie kamwe kwenye sufuria, iwe ya shabu au ya rangi, maana itakunywa upande mmoja na kuacha mwingine. Panda na moto polepole kwa saa nzima mpaka nyuzi 80 au 85, ukae hapo saa moja, kisha zima na uiache ipoe humohumo mpaka kesho.

Neno moja kuhusu moto. Tuko juu huku. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi iko mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa mabondeni. Kwa hiyo usisubiri namba, angalia sufuria. Mvuke unapanda, viputo vidogo vinakaa chini, juu kumetulia: hapo ndipo pake. Maji yakianza kutokota, vuta mkaa nje.

Mkaa ni ghali, na saa mbili za moto ni hela. Ukishafikisha joto, funika sufuria, iingize kwenye tenga lililojazwa nguo kuukuu na blanketi, uifunike barabara. Itashika joto kwa saa nyingi bila mkaa. Inafaa kwa shabu, inafaa kwa rangi, na sufu inapenda kupoa taratibu namna hiyo.

Shabu tayari, tuje kwenye rangi zenyewe. Kanuni ni moja: chemsha mmea peke yake kwanza, saa moja, uchuje kwa kitambaa, uache maji yapoe mpaka vuguvugu, ndipo utie sufu. Halafu moto polepole, saa moja kwenye joto lilelile, na ipoe humo. Ukichemsha majani na sufu pamoja, utaokota vijiti mpaka Krismasi.

Anza na maganda ya vitunguu. Hayana gharama, hayakosei. Nenda kwa wauza vitunguu Mlowo jioni, waambie wakuwekee maganda makavu. Watacheka, halafu watakupa gunia. Gramu 100 za maganda kwa gramu 100 za sufu zinatoa rangi nzito. Nusu yake, rangi nyepesi. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa dhahabu iliyokolea, hudhurungi, na mara nyingine kijani cha zeituni. Tumia maji hayohayo mara ya pili kwa sufu nyingine, utapata kivuli chepesi cha rangi ileile. Hizo mbili zikichanganywa kwenye uzi mmoja, zinapendeza kuliko kila moja peke yake.

Kokwa na maganda ya parachichi hutoa waridi lililochanganyika na udongo. Watu hawaamini mpaka waone. Kusanya kokwa, zioshe nyama yote itoke, zikaushe au uzigandishe kwenye friji mpaka zifike za kutosha. Zikatekate. Hapa moto uwe mdogo kweli, maana zikitokota waridi linageuka kahawia. Zipashe saa moja, ziache usiku, zipashe tena kesho yake. Hata bila shabu rangi hii inashika, kwa sababu kokwa lina tanini ya kwake.

Njano ya porini ipo bure mwishoni mwa masika: bangi mwitu, lile gugu refu lenye harufu kali linalojaa mashamba yaliyovunwa. Pamoja na jina lake, halimleti polisi. Kata vichwa na majani likiwa linachanua, tumia mara mbili ya uzito wa sufu. Pikia nje, vaa glavu, kwa sababu harufu inapanda kichwani na ngozi nyingine zinawashwa. Pamoja na shabu, gugu hili linatoa njano nzuri yenye ukijani ndani yake.

Mikaratusi imejaa kila mahali, na kila aina ina rangi yake: njano hafifu, hudhurungi, ukibahatika hata ya kutu. Majani yake chemsha kwa muda mrefu, saa mbili au zaidi. Jaribu mti mmoja kwa kishungi kimoja kabla ya kujaza sufuria.

Ukipita Njombe, uliza magome ya miwati. Mti huu ndio uliojenga kampuni ya Tanganyika Wattle, Tanwat, mwaka 1949, kwa ajili ya tanini ya kulainishia ngozi. Kilichofaa ngozi kinafaa sufu. Magome hutoa kahawia yenye joto isiyokimbia haraka.

Je, kahawa? Najua ulikuwa unaisubiri, maana tuko Mbozi. Machicha ya kahawa hutoa rangi ya mchanga, basi. Ni nzuri kwa kupoza njano inayopiga kelele. Kahawa yako safi ipeleke chama cha msingi, usiimwage kwenye sufuria ya rangi.

Unataka kijivu au kijani kizito? Tengeneza maji ya kutu. Misumari mikuukuu kwenye chupa, siki nusu, maji nusu, kifuniko kilegee, wiki mbili. Ukishamaliza kutia rangi, toa sufu, tia kijiko kimoja cha mezani cha maji hayo kwenye sufuria ya gramu 100, koroga, rudisha sufu dakika 10. Njano itageuka zeituni, kahawia ya miwati itaelekea kijivu cheusi. Usizidishe. Chuma kingi hukausha sufu mpaka inakatika kwenye pia ya kusokotea.

Sasa vya kuacha. Bizari ya manjano inang'aa vizuri sana siku ya kwanza, jua likishaipata inakwenda zake. Choya na biti ruti zitakupa maji mekundu ya kutamanisha na sufu iliyofifia. Mtu akikwambia atie chumvi ndiyo zishike, mwache na chumvi yake.

Onyo kubwa ni hili. Kama umewahi kutengeneza batiki, unajua kostiki soda. Usiilete karibu na sufu. Pamba inaistahimili, sufu haiwezi. Ikichemshwa na kostiki inayeyuka, na hapo sisemi kwa mfano: inayeyuka kweli, inageuka uji. Kwa hiyo rangi za batiki zinazotaka kostiki baki nazo kwa vitenge. Magadi na maji ya majivu navyo weka mbali. Si vikali hivyo, lakini vikikutana na moto vinaifanya sufu iwe ngumu na yenye kukwaruza.

Na buluu? Mimea ya jikoni haina buluu ya kuaminika. Hapa kuna njia ya mkato nzuri: rangi za chakula, zile za unga za keki na biriani. Nyingi zake hushika sufu vizuri kwa siki tu, bila shabu. Kwa gramu 100 anza na nusu kijiko cha chai cha unga kwenye lita nne za maji, pamoja na vijiko vitano vya mezani vya siki. Zamisha sufu iliyolowa, pandisha moto polepole, subiri. Uzuri wake ni kwamba utaona kwa macho: rangi inahama kutoka majini kuingia kwenye sufu mpaka maji yanabaki meupe. Maji yakiwa meupe, kazi imekwisha. Yakibaki na rangi, ongeza kijiko cha siki na dakika 10.

Kwa rangi hizi unaweza kucheza zaidi. Panga sufu kwenye sufuria pana, mwagia buluu upande huu, njano upande ule, usikoroge. Katikati patajipa kijani. Sufu yenye madoa namna hiyo ikisokotwa inatoa uzi ambao hakuna kiwanda kitakachokuuzia.

Kusuuza kusikuharakishe. Acha sufu ipoe kabisa ndani ya sufuria, kisha suuza kwa maji yenye joto linalolingana nayo. Usikamue kwa kusokota. Irudishe kwenye mfuko wa wavu, toka nje uwanjani, shika shingo ya mfuko na uuzungushe kwa nguvu. Maji yatarukia majirani, lakini sufu itatoka karibu kavu. Tandaza kivulini kwenye chekecheke au wavu, uifumue kwa vidole kila baada ya saa chache. Kwa kuwa mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili, kazi kubwa ifanye kiangazi. Wakati wa mvua sufu inaweza kukaa siku nyingi haijakauka, ikaanza kunuka.

Maji yaliyobaki ya mimea na shabu mwaga mbali na miche michanga na mbali na kisima. Ya kutu vivyo hivyo.

Kabla hujajitapa, ipime rangi. Chukua vishungi vichache, vibane kati ya karatasi ngumu mbili huku nusu ikibaki nje, uviweke dirishani penye jua wiki mbili. Fungua, linganisha. Kilichofifia sana usikifanyie sweta la mtu. Kishungi kingine kioshe na kitambaa cheupe kwenye maji ya vuguvugu, uone kama kinatoa rangi.

Andika. Daftari la shule linatosha. Uzito wa sufu, uzito wa mmea, umeuchuma wapi, mwezi gani, muda wa moto. Shona kishungi pembeni ya ukurasa. Mwakani mteja atakuja na kusema anataka ileile, na kichwa chako peke yake hakitakusaidia.

Halafu piga hesabu ya nguo nzima kabla hujawasha moto. Sweta la mtu mzima linaweza kula nusu kilo mpaka kilo moja ya sufu, kutegemea unene wa uzi. Kama sufuria yako inabeba gramu 200 tu, utatia rangi mara kadhaa na kila mara itatofautiana kidogo. Usihangaike kuzilinganisha. Zimwage zote kwenye shuka moja, uzichanganye kwa mikono, ndipo uchambue. Brashi mbili za mbwa zenye meno ya waya zinafanya kazi hiyo kama hujapata brashi zenyewe za sufu. Chukua kidogo kidogo, chana mara tatu nne, pindua, chana tena. Ukitaka rangi iwe na mistari, chana kidogo. Ukitaka iwe moja, endelea.

Siku zote bakiza robo ya sufu yako bila rangi. Nyeupe hiyo ndiyo itakayookoa rangi iliyokolea kupita kiasi, na itakupa vivuli vitatu kutoka kwenye sufuria moja.

Kama sufu imeshindikana kabisa, fanyia pamba mazoezi. Bonde la Rukwa, hapo chini yetu, zamani lilikuwa na mafundi. Wafipa na majirani zao walisokota na kufuma pamba yao miaka mingi kabla vitambaa vya viwandani havijawaangusha bei. Pamba haiogopi kutokota wala kukorogwa. Ila inakunywa rangi ya mimea kwa shida, kwa hiyo usianze na shabu. Anza na tanini: iloweke usiku kucha kwenye maji ya moto ya magome ya miwati, ikamue, kisha shabu, kisha rangi. Ujue miwati itaiachia ukahawia, kwa hiyo njano yako itakuwa ya haradali.

Sufu iliyokwisha kupata rangi isikae kwenye nailoni imefungwa, itavuta unyevu. Tumia mfuko wa kitambaa, na ikunjue kila mwezi kuangalia nondo. Wadudu hawa wanapenda sufu chafu kuliko safi, kwa hiyo ile isiyooshwa usiiweke chumba kimoja na hii. Ukiona vumbi kama mchanga au vitundu, itoe yote nje juani siku nzima, uikung'ute, na mfuko wake uuchemshe.

Usisokote yote mara moja. Chukua kishungi kimoja cha kila mchanganyiko, sokota urefu wa mkono, kioshe, kikaushe, ukiangalie mchana penye mwanga. Rangi ya uzi huwa nyeusi kidogo kuliko ya sufu iliyochambuliwa. Kama imezidi, ile robo nyeupe ipo: ongeza kidogo, chana tena, kisha endelea na kilo nzima.